Mwezi wa kumi sasa bila ugali: mafuta yanakata njaa kweli, au ndiyo yaliyonigomeshea mzani?

#1 Upepo wa Chenene (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie. Haya mambo tunayaongea sana kwenye magrupu ya WhatsApp, lakini kila mtu anarusha alichosikia kwa mwenzake, na wanaoumia ni wale wanaofuata.

Niko Ilazo hapa Dodoma. Umri miaka 43, urefu sentimita 172, kazi ya ofisini Mtumba, kukaa kitini kutwa. Januari mwaka huu nilipanda mzani ukasoma kilo 104, na presha ilishaanza kubisha hodi. Nikaamua kukata wanga. Ugali, wali, chapati, viazi, mihogo, maandazi, soda, juisi, sukari kwenye chai, vyote nikaviweka pembeni. Nikabaki na nyama, mayai, samaki wa Mtera, mlenda, mchicha, bamia, parachichi, karanga na maziwa mgando.

Siku tisa za kwanza zikaondoka kilo 4. Nilifurahi mpaka nikampigia simu kaka yangu Manyoni. Baadaye ndipo nikaelewa kilichotokea: mwili una akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kama nusu kilo hivi, na kila gramu ya akiba hiyo imeshikana na gramu kama tatu za maji. Ukiacha wanga akiba inatumika, maji yake yanatoka kwa mkojo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile kilo 4 ilikuwa maji. Anayeanza alijue hili mapema, asije akakata tamaa wiki ya tatu mzani ukipunguza mwendo.

Hata hivyo niliendelea kushuka. Kufikia Aprili nilikuwa kilo 93. Na njaa, wakuu, ilitulia kwa namna ambayo sikuwahi kuijua. Mimi nilikuwa mtu wa kushuka ngazi saa nne asubuhi kufuata maandazi mawili na chai ya rangi, nisipopata naanza kugombana na watu. Sasa nikawa nafika saa nane mchana ndiyo nakumbuka kwamba sijala.

Kosa langu lilianzia hapo. Kwenye grupu tuliambiwa shibe hii inatokana na mafuta, kwa hiyo ukitaka kushuka zaidi ongeza mafuta, maana mafuta bila wanga hayanenepeshi. Nikaamini. Asubuhi kahawa na vijiko viwili vya samli. Mayai yakawa yanaogelea kwenye alizeti. Mlenda ukiiva naumiminia mafuta juu kama mchuzi. Kuanzia Aprili hadi katikati ya Agosti mzani ukawa unacheza 92, 93, 94, unarudi 93. Miezi minne. Wanga sijagusa hata kidogo, naapa.

Aliyenifumbua macho ni mama watoto. Aliniambia tu, "Baba, mafuta siku hizi yanakwisha mapema." Nikachukua chupa yangu ya lita moja, nikaandika tarehe kwa maka peni, nikasema mafuta yangu yatatoka humu tu. Siku ya tisa chupa ilikuwa tupu.

Pigeni hesabu na mimi. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi. Kila gramu ya mafuta ni kalori 9, wakati ya wanga au protini ni kalori 4. Kwa hiyo chupa ile ilikuwa na kalori kama 8,280. Gawanya kwa siku tisa: 920 kwa siku. Hiyo ni alizeti peke yake, bado samli ya kahawa, kama kalori 240 nyingine.

Kesho yake nikafanya jaribio. Nikamimina mafuta kwenye kikaango kwa jinsi mkono wangu ulivyozoea, halafu kabla sijawasha moto nikayachota kwa kijiko kikubwa kuyarudisha kwenye kikombe, nahesabu. Vijiko vinne, kwa mayai matatu. Kijiko kimoja ni kalori 120 hivi. Mafuta yalikuwa mengi kuliko chakula chenyewe, mayai matatu hayafiki kalori 230.

Tangu hapo natumia vijiko viwili kwa siku nzima, vilivyopimwa. Samli ya kwenye kahawa nimeacha. Nimeongeza yai moja na kipande cha samaki. Leo ni wiki ya kumi, nina kilo 88, na njaa haijaongezeka. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nilete uzi. Kama shibe yangu ilikuwa inatoka kwenye yale mafuta ya kumimina, mbona nimeyaondoa na shibe imebaki?

Karibuni. Mwenye uzoefu tofauti aseme bila woga.

#2 Nundu Tamu

Mkuu, hongera kwa kushuka, lakini kwenye hitimisho sikubaliani na wewe.

Anayehifadhi mafuta mwilini ni homoni ya insulini, na anayeamsha insulini ni wanga. Mtu asiyekula wanga hana insulini ya kufunga mlango. Wazee wetu huku walikula nyama, maziwa na samli, hukuona vitambi. Mimi nina miezi sita. Jumamosi nikienda mnadani Msalato nakula nundu iliyochomwa hadi pembeni imekuwa kahawia, mafuta yanatiririka mpaka kiwikoni. Silali njaa siku hiyo, na Jumapili nafika mchana bila kugusa kitu. Shibe hiyo imetoka wapi kama siyo kwenye mafuta?

Labda mwili wako ulikuwa unapumzika tu, ungeendelea ungeshuka.

#3 Zabibu Kavu

Naweka kambi hapa. Mke wangu yuko kwenye hii diet tangu Juni.

#4 Mizani ya Lishe

Mleta uzi umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi, umepima. Mimi ni afisa lishe kwenye halmashauri mojawapo ya kanda hii, naandika kama mimi.

Kaka Nundu Tamu, nianze na wewe kwa heshima, maana hoja yako ina nusu ya ukweli. Ni kweli wanga ndio unaoinua insulini zaidi, na mafuta yakiliwa peke yake huiinua kidogo sana. Lakini kongosho halizimi insulini hata ukifunga kula siku nzima. Kiwango kidogo kipo muda wote, na kinatosha mwili kuweka akiba. Mafuta ya mlo yakishameng'enywa yanapita kwenye limfu, yanaingia kwenye damu, na mengi yanawekwa kwanza kwenye seli za mafuta, halafu yanatolewa kidogo kidogo mwili unapohitaji. Ni ghala lenye milango miwili. Ukiacha wanga, mlango wa kutolea unafunguka vizuri zaidi, hapo uko sahihi. Lakini ukiingiza magunia mengi kama unayotoa, ghala halipungui.

Kuna watu wanapima mkojo kutafuta ketoni, yaani kemikali ambazo ini hutengeneza kutokana na mafuta wanga ukipungua, kijiti kikibadilika rangi wanafurahi. Kijiti kinakuambia unachoma mafuta. Hakikuambii kama yametoka kwenye kitambi au kwenye kikaango.

Sasa shibe. Mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, homoni iitwayo kolesistokinini inatoka na kuliambia tumbo lipunguze mwendo wa kusukuma chakula. Ndiyo maana nyama yenye mafuta inakaa tumboni. Lakini homoni hiyohiyo inaamshwa na protini pia. Ukila nundu na mbavu mnadani, umekula protini nyingi pamoja na mafuta, umetafuna nusu saa, na umekula hadi umetosheka. Kusema kilichokushibisha ni mafuta peke yake ni kama kusema kilichoivisha maharage ni chumvi.

Kwa jinsi tafiti zinavyoonyesha, kwa kalori zilezile protini ndiyo inayoshibisha kuliko mafuta na wanga. Stephen Simpson na David Raubenheimer mwaka 2005 walileta hoja kwamba mwili unafuatilia protini, ukipewa kidogo unaendelea kutafuta chakula mpaka uipate, hata kama njiani unabeba mafuta na wanga usivyovihitaji. Mleta uzi alipopunguza mafuta akaongeza yai na samaki, protini haikupungua, ilipanda. Kwangu mimi jibu la swali lake limeanzia hapo.

#5 Mkamuaji

Nachangia upande wa mafuta yenyewe, maana ndiyo kazi yangu. Nakamua alizeti Kibaigwa.

Wateja wengi wanakuja na imani kwamba mafuta ya kukamua ya kwetu hayanenepeshi kwa sababu ni asilia, yanayonenepesha ni ya dukani. Nawaambia ukweli hata kama ni hasara kwangu. Mbegu zikiingia kwenye mashine mafuta yanatoka ya moto, meusi kidogo, yana povu na harufu ya mbegu iliyobabuka. Tunayaacha kwenye pipa yatulie, tope linakaa chini, juu yanabaki yenye rangi ya asali. Yana ladha, yana vitamini E, na mashudu yake ng'ombe wanapata chakula. Lakini kijiko ni kijiko. Cha kwangu, cha kiwandani, cha mawese, cha nazi, nguvu iliyomo ni ileile.

Na jambo lingine, msimu wa mavuno, Mei hadi Julai, mafuta yanakuwa tele majumbani na watu wanamimina bila kuangalia. Mleta uzi umesema umekwama Aprili hadi Agosti. Angalia kama hukununua dumu zima msimu huo.

#6 Upepo wa Chenene

Mkamuaji umenigusa. Ni kweli, mwishoni mwa Mei nililetewa dumu la lita ishirini na shemeji kutoka Singida. Chupa yangu nilikuwa naijazia humo. Kitu kikiwa kingi ndani, mkono unakuwa mwepesi.

#7 Dereva wa Mtera

Wakuu, mimi ni dereva, Dodoma kwenda Iringa na kurudi. Kahawa yenye samli ndiyo iliyoniokoa. Nakunywa saa kumi na moja alfajiri, napita Mtera sijasimama, nafika Iringa sina njaa. Zamani kila kituo nakula mihogo ya kukaanga na soda. Nimeshuka kilo 7. Sasa mnaniambia niache?

#8 Mizani ya Lishe

Hapana kaka, kwako imechukua nafasi ya mihogo ya kukaanga na soda mbili tatu za njiani. Umepungukiwa kalori nyingi kuliko ulizoingiza, ndiyo maana umeshuka. Tatizo linakuja kahawa hiyo ikiongezwa juu ya kifungua kinywa kamili, kama alivyofanya mleta uzi.

Ila linganisha hivi. Vijiko viwili vya samli ni kalori 240 hivi na protini karibu sifuri. Mayai matatu ya kuchemsha ni kalori kama 210, na protini gramu 18. Halafu kinywaji hakitafunwi, kinapita haraka, na wengi wanapokunywa nguvu badala ya kuila hawapunguzi sawasawa kwenye mlo unaofuata. Jaribu wiki moja kubeba mayai matatu kwenye kopo, kahawa iwe tupu, uone kama Iringa utafika na njaa. Usiponiamini mimi, utaamini tumbo lako.

#9 Pilipili Hoho

Samahani, mafuta ya nazi je? Dada yangu yuko Tanga, ananitumia, anasema yanayeyusha kitambi.

#10 Mizani ya Lishe

Sifa hiyo imetokana na mafuta ya mnyororo wa kati, yale mafupi zaidi, ambayo yanakwenda moja kwa moja kwenye ini na kugeuka ketoni kwa urahisi. Yapo mafuta maalumu yaliyochujwa kuwa hayo tu. Nazi ya kawaida karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na hiyo mwilini inasafirishwa kwa sehemu kubwa kama mafuta marefu ya kawaida. Pia karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni yale mazito yanayoganda, ambayo yanapandisha kolestero mbaya. Weka kwenye mchuzi wa samaki kwa ajili ya ladha, siyo dawa ya kitambi.

#11 Nundu Tamu

Afisa, nimekusoma, na nakubali hilo la ghala. Lakini kuna kitu mnakiruka. Mimi nimewahi kujaribu kupungua kwa njia nyingine, kula kidogo cha kila kitu, ugali kipande, wali kijiko. Njaa ilikuwa inaniamsha usiku. Kwenye hii ya bila wanga njaa haipo. Hiyo siyo protini tu, kuna jambo la ketosisi hapo, ile hali ya mwili kutumia ketoni.

#12 Upepo wa Chenene

Hapo naungana na wewe mkuu, na nisingependa mtu asome uzi huu akadhani nasema kukata wanga hakuna maana. Mtu akipungua uzito, homoni ya njaa iitwayo ghrelini hupanda, mwili unadai kilo zake. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2013 uliwafuatilia watu waliopungua kwa kula kidogo sana wakiwa kwenye ketosisi. Wakati wako kwenye ketosisi ile ghrelini haikupanda kama ilivyotarajiwa. Walipotoka na kurudi kula kawaida, ikapanda, na hamu ikarudi.

Lakini ona jambo moja. Kinachokuweka kwenye ketosisi ni uchache wa wanga, chini ya gramu 50 kwa siku hivi. Huhitaji kumimina mafuta ili ini litengeneze ketoni. Mimi nina kilo kadhaa za mafuta hapa kiunoni, ini litachukua humo. Hiki ndicho sikukielewa kuanzia Aprili.

#13 Mizani ya Lishe

Sahihi kabisa. Na niongeze kitu ambacho wapenzi wa hii diet hawakipendi, lakini nikikificha nitakuwa sijawatendea haki.

Mwaka 2021 Kevin Hall na wenzake, kwenye taasisi za afya za taifa za Marekani, waliwaweka watu 20 ndani ya wodi kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa chakula cha wanga kidogo na mafuta mengi, karibu robo tatu ya nguvu yote ni mafuta, nyingi ya wanyama. Wiki mbili nyingine kinyume chake, mafuta kidogo sana, wanga mwingi wa mimea. Waliambiwa wale watakavyo mpaka watosheke. Walipokuwa kwenye mafuta kidogo walikula karibu kalori 700 pungufu kila siku, na walipoulizwa kuhusu njaa na utamu wa chakula, majibu hayakutofautiana. Mzani ulishuka zaidi upande wa wanga kidogo, lakini mafuta ya mwili yalipungua kwa uhakika upande ule mwingine tu. Mleta uzi ameshaeleza kwa nini: maji.

Ninachokiona hapo ni kwamba chakula chenye mafuta mengi kinabeba nguvu nyingi kwenye ujazo mdogo. Tumbo linapima ujazo, na kijiko cha mafuta hakichukui nafasi. Wiki ya pili wale wa wanga kidogo walianza kula kidogo kuliko wiki ya kwanza, kwa hiyo kuna mwili kuzoea, na wiki mbili ni muda mfupi. Lakini anayesema mafuta yenyewe ndiyo yanayozima hamu, utafiti ule unamkatalia.

Mwingine wa zamani. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake, Sydney, waliwalisha watu vyakula 38 mbalimbali, kila kimoja sehemu yenye kalori 240, wakapima shibe kwa saa mbili. Mkate mweupe waliupa 100. Kilichoongoza kilikuwa viazi mviringo vya kuchemsha, 323. Kilichoshika mkia kilikuwa krosanti, ule mkate laini uliojaa siagi, 47.

#14 Zabibu Kavu

Subiri. Viazi?! Hivyo hivyo tulivyovikimbia?

#15 Mizani ya Lishe

Vya kuchemsha, bila kitu. Sasa vichukue viazi hivyohivyo, vikate, vitumbukize kwenye mafuta, juu yake piga mayai, weka na chumvi. Chips mayai ya saa mbili usiku pale barabarani. Nani amewahi kula sahani moja akasema imetosha? Maji yametoka, mafuta yameingia mahali pake, na ulimi umepata wanga, mafuta na chumvi kwa mpigo. Mchanganyiko huo ndio unaotufanya tule hata tukiwa tumeshiba. Maandazi, vitumbua, chapati za kukaanga, ni jamii moja. Mtu akikata wanga, mchanganyiko huo unavunjika siku hiyohiyo, na hilo peke yake linashusha ulaji kabla hata hujataja ketosisi. Nadhani nusu ya sifa tunazoyapa mafuta zinapaswa kwenda kwenye maandazi tuliyoacha.

#16 Dada wa Kisasa

Mimi niseme ya kwangu. Nilijaribu kukata wanga kabisa nikaishia wiki sita. Kichwa kuuma, kizunguzungu nikisimama, choo kigumu siku nne. Baadaye rafiki akaniambia wanga ukiondoka figo zinamwaga chumvi nyingi, nikaanza kunywa supu yenye chumvi, kichwa kikaacha. Lakini moyo ulikataa. Mimi ni mtu wa ugali, nyumbani wote wanakula ugali, na kupika vyungu viwili kila jioni nimechoka.

Sasa nakula ugali wa mtama, kipande cha ukubwa wa ngumi yangu, mboga za majani nusu sahani, na nyama au maharage. Mafuta napima kama mleta uzi. Nimeshuka kilo 9 kwa miezi minane. Je, nimepotea njia?

#17 Mizani ya Lishe

Hujapotea dada yangu. Christopher Gardner na wenzake wa Stanford waliwafuatilia watu 609 kwa miezi 12, majibu yakatoka 2018. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga, wote wakaambiwa waache sukari na unga mweupe na wale mboga nyingi. Waliopunguza mafuta walishuka wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0. Tofauti hiyo kitakwimu haihesabiki. Ndani ya kila kundi kuna walioshuka sana na kuna walioongezeka. Njia unayoiweza mwaka mzima ndiyo njia yako.

#18 Mzee wa Mpwapwa

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nina kisukari mwaka wa kumi na moja, natumia glibenklamidi. Mwaka jana mjukuu alinionyesha video, nikaacha ugali siku hiyohiyo, nikawa nakula mlenda na nyama ya mbuzi. Vidonge nikaendelea kumeza kama kawaida, maana niliogopa kuacha. Siku ya tatu jioni nikiwa zizini nafunga ndama, jasho la baridi likanitoka, mikono ikatetemeka mpaka kamba ikadondoka. Nilimwona ndama wawili na nilikuwa na mmoja. Bibi yenu alinikuta nimekaa chini, akanipa chai ya sukari nyingi. Kidogo niondoke.

Kliniki niliyokuwa nakwenda sikuwaambia, na mara zote tatu za nyuma nilizokwenda hakuna aliyewahi kuniuliza ninakula nini. Nayasema haya ili mwingine asirudie.

#19 Mizani ya Lishe

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa kuandika, na pole.

Naomba kila anayesoma asimame hapa. Kama unatumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi, gliklazidi, glimepiridi, usikate wanga bila kuonana kwanza na daktari wako. Dawa hizo zinashusha sukari hata kama hujala wanga. Dozi iliyopangwa kwa mtu anayekula ugali mara mbili kwa siku inaweza kumuua mtu anayekula mlenda na mbuzi. Metifomini peke yake kwa kawaida haina hatari hiyo, lakini hata hivyo ongea nao. Wenye dawa za presha pia, uzito ukishuka na chumvi ikitoka, presha inaweza kushuka kupita kiasi. Wajawazito na wenye ugonjwa wa figo, msianze kabisa kwa kusoma uzi.

#20 Upepo wa Chenene

Marahaba za mzee ziwafikie wote. Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kutufundisha. Nimeomba wasimamizi wabandike ujumbe wa afisa juu kabisa ya uzi.

Kuna walionifuata inbox wakiuliza nakula nini kwa siku. Asubuhi kahawa tupu na mayai matatu, ama ya kuchemsha, ama ya kukaanga kwa kijiko kimoja cha alizeti. Kikaango nakipasha kwanza ndipo naweka mafuta, yanatambaa yenyewe, kijiko kinatosha. Mchana ofisini, samaki au nyama ya kuchoma na mchicha. Nyama ikiwa na mafuta yake nakula nayo, sichongi, lakini siongezi mengine. Jioni mlenda.

Mlenda wangu siku hizi hauna mafuta ya kumimina. Naweka karanga zilizotwangwa, vijiko viwili, nyanya, magadi kidogo sana. Karanga zinatosha kuupa uzito. Ule mvutano wa mlenda wenyewe ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, nao unakaa tumboni. Wazee waliokuwa wakiupika kwa karanga badala ya kumwaga mafuta hawakuwa wajinga.

Karanga za kutafuna ni kiganja kimoja, naweka kwenye kikombe halafu mfuko naurudisha kabatini. Kiganja ni gramu 30 hivi, kalori 170. Nilipokuwa nakula kutoka kwenye mfuko moja kwa moja sikuwahi kujua nimekula viganja vingapi.

Na kitu ambacho sikukisema mwanzo: nilipima kolestero Julai, wakati wa samli, kolestero mbaya ilikuwa imepanda kuliko ya Januari. Nimepima tena wiki iliyopita, imeshuka. Samli sijaifuta nyumbani, ila imerudi kuwa kitu cha sikukuu.

#21 Dereva wa Mtera

Nimejaribu mayai, siku nne sasa. Siku ya kwanza niliisikia njaa pale Migori. Siku ya pili haikuja. Jana nimefika Iringa na yai moja limebaki kwenye kopo.

#22 Nundu Tamu

Wakuu, nilinyamaza kwa sababu nilikuwa napima.

Siku niliyomjibu mleta uzi kwa mara ya kwanza nilinunua lita moja, nikaandika tarehe kwenye mfuniko. Nilisema nitathibitisha kwamba mimi situmii mafuta mengi, yangu ni ya kwenye nyama tu. Chupa imekwisha leo, siku ya 11. Ni kalori 750 kwa siku, na nundu haimo humo.

Tangu Julai mzani wangu haujasogea, sikuwa nimeliandika hilo humu. Kesho Jumamosi nakwenda Msalato kama kawaida. Nundu nitakula, kipande kimoja, na mbavu. Nimenunua chupa nyingine ya lita moja, nimeandika tarehe ya leo. Nitarudi ikiisha.